Baada ya Mchezo: Namna ya Kuzungumza juu ya Yale Tuliyotazama

Hapa kwetu, kuanzia Baraka mpaka Fizi na katika vijiji vya kando ya ziwa, watu wengi hawakuijua teatre ndani ya jumba lenye viti na pazia. Waliijua inje: chini ya mwembe, sokoni, kwenye kiwanja cha mpira, mbele ya kanisa. Wachezaji wanafika na ngoma, watoto wanajaa mbele, wamama wanasimama na beseni kichwani, wazee wanatafuta kivuli. Kwa nusu saa hivi kila mtu anacheka, anaitika, anamkemea mwenye ubaya na kumsikitikia mwenye kuonewa. Kisha mchezo unakwisha. Hapo mwongozaji anashika megafoni na kuuliza lile ulizo tunalolijua wote: "Basi, wandugu, mumejifunza nini?"

Na jibu lake tunalijua pia. Mtu mmoja, mara nyingi ni mwalimu, mchungaji ao chefu, anasimama na kusema: "Tunawashukuru sana wachezaji. Tumejifunza ya kama amani ni kitu kizuri, na inafaa tuishi kwa masikilizano." Makofi. Wengine wawili watatu wanarudilia yale yale kwa maneno mengine. Picha inapigwa, watu wanatawanyika. Lakini tukiwafuata watu wale wale njiani, tutasikia mazungumzo mengine kabisa. "Yule mwenye shamba, mimi naona hakuwa na haki." "Wewe unasema vile juu hauna shamba kule." "Na yule bibi yake, sababu gani alinyamaza?" Mazungumzo ya njiani ndiyo mazungumzo ya kweli juu ya mchezo, na ndiyo ambayo mwenye megafoni hakuyasikia.

Makala hii inataka kusema jambo moja tu. Ulizo "mumejifunza nini?" lina haraka. Linawaomba watu watoe mahubiri kabla hawajasema walichokiona, na kwa njia hiyo linawapa wote neno moja la kujifichia. Mtu aliyekimbia anasema "amani". Mtu aliyebaki anasema "amani". Mtu aliyechukua shamba la mwingine naye anasema "amani". Wote wanapigiwa makofi, na kesho yake shamba liko palepale, na ugomvi uko palepale. Inafaa tujifunze namna nyingine ya kuzungumza baada ya mchezo, na tutaona ya kama namna hiyo si ngeni kabisa kwa wazee wetu.

1. Teatre hii ilitoka wapi

Mwezi wa 10 wa mwaka 2005, HCR ilianza kuwarudisha huku kwetu ndugu zetu waliokuwa wakimbizi Tanzania, katika kambi za mkoa wa Kigoma kama vile Lugufu na Nyarugusu. Meli zilivuka Tanganyika kutoka Kigoma na kushusha watu Baraka. Waliorudi walikuta nyumba zimeanguka, na mara nyingi mashamba yalikuwa yanalimwa na wengine. Waliobaki nao walikuwa na maneno yao: walikaa katikati ya vita, hawakulishwa na mtu, na sasa waliona misaada inapewa waliotoka ngambo. Pande zote mbili zilikuwa na haki fulani, na pande zote mbili zilikuwa na uchungu.

Katika miaka ile ndipo ilienea kwetu teatre ya kushirikiana, ambayo wengi wanaiita kwa Kifaransa théâtre participatif. Shirika lililoifanya ijulikane zaidi ni Search for Common Ground, ambalo lilianza kazi Kongo mwaka 2001 na ambalo wengi walilijua kwa jina la Centre Lokole, yaani jina la ile ngoma ya mti inayotuma habari kutoka kijiji hadi kijiji. Mwaka 2006 lilitoa kitabu cha mafundisho juu ya teatre hiyo na namna ya kugeuza mabishano yasiwe vita. Kazi ilikuwa hivi. Wachezaji wanafika mahali, wanatembea sokoni, kisimani na mahali watu wanapokunywa, wanasikiliza watu wanagombania nini. Kisha wanatunga mchezo juu ya ugomvi wa namna ile, bila kutaja mtu. Wanaucheza mpaka pale ugomvi unapokuwa mkali kabisa, na hapo wanaukata. Mwongozaji anawageukia watazamaji: nani anaweza kuja kuchukua nafasi ya mchezaji mmoja na kuonyesha namna nyingine ya kufanya?

Mwenye kuvumbua njia hii ni Mbrazil mmoja, Augusto Boal, aliyezaliwa 1931 na kufa 2009. Yeye mwenyewe alisimulia namna alivyoipata, na hadithi yake inafaa tuisikie vizuri, kwa maana inahusu moja kwa moja yale tunayosema hapa.

Mwaka 1973 Boal alikuwa Peru, katika kazi ya kufundisha watu wazima kusoma. Mama mmoja asiyejua kusoma alimletea habari yake. Mume wake alikuwa anamwomba pesa mara kwa mara, akisema anawajengea nyumba, na kila mara alimpa karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akimwambia ni hati za malipo, azitunze vizuri. Siku moja mama akazipeleka kwa jirani anayejua kusoma. Zilikuwa barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine. Wachezaji wakaicheza habari hiyo mbele ya watu, kisha wakauliza: mume anarudi usiku huu, mama huyu afanye nini? Mmoja akasema alie, mwingine akasema amfukuze, mwingine akasema aondoke yeye. Ndipo mama mmoja mnene, mwenye nguvu, akasema: azungumze naye wazi kabisa, halafu amsamehe. Wachezaji wakajaribu kucheza vile. Mama akakataa: "Sivyo." Wakajaribu tena, maneno wazi zaidi. "Sivyo." Mwisho Boal akamwambia: basi njoo mwenyewe utuonyeshe. Mama akapanda, akamshika yule mchezaji aliyekuwa mume, akachukua ufagio, akampiga kwelikweli. Kisha akamsamehe, akaketi mezani, akamtuma jikoni amletee chakula.

Wengi wanaposikia hadithi hii wanacheka, na inachekesha kweli. Lakini tuangalie kilichotokea. Watu wote walisikia neno "kuzungumza wazi" na kila mmoja alidhani amelielewa. Kama Boal angeuliza "mumejifunza nini?" na kuandika jibu kwenye karatasi, angeandika "watu wamekubali ya kama mazungumzo wazi ni dawa ya ndoa", na kurudi kwake akiwa ameridhika. Ufagio haungeonekana. Ni wakati mama alipoonyesha neno lake kwa mwili ndipo ilijulikana ya kama watu walikuwa wanasema neno moja na kuwaza mambo mbalimbali.

Sasa turudi kwetu. Tunaposema "masikilizano" juu ya shamba, ufagio wetu uko wapi? Kwa mmoja masikilizano ni kugawanya shamba katikati. Kwa mwingine ni yule mgeni aondoke, lakini bila kupigwa. Kwa wa tatu ni mwenye shamba apokee mbuzi na kunyamaza. Mazungumzo ambayo hayafiki mahali pa kuonyesha tofauti hizi hayajafika popote.

2. Wazee walijua jambo hili

Kuna wanaosema ya kama kuzungumza juu ya mchezo ni mambo ya wazungu na ya ONG. Si kweli. Kwa Wabembe kuna lubunga, mahali pa wanaume pa kukaa, kula pamoja na kukata mashauri. Mtu aliyekulia karibu na lubunga anajua ya kama shauri halianzi na hukumu. Linaanza na habari: nani alitoka wapi, alimkuta nani, walisema nini. Kila mmoja anasimulia, na wengine wanamkatiza: "Ngoja, pale palikuwa jua ao usiku?" Mzee mwenye akili hasemi neno lake mapema, kwa sababu akishasema, wengine wataogopa kusema lao. Methali inatolewa mwisho, ao inatolewa katikati ili kugeuza mawazo, na mara nyingi mwingine anajibu na methali inayopingana nayo. Hapo ndipo ladha ya mazungumzo ilipo.

Vilevile katika Bwami, chama cha heshima kinachojulikana sana kwa ndugu zetu Warega na ambacho Wabembe nao walikuwa nacho, mafundisho yalitolewa kwa vitu, michezo na methali. Sanamu ya pembe ao ya mti, ao kitu cha kawaida kabisa kama kauri ao ngozi, kilionyeshwa pamoja na wimbo na ngoma. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyeandika sana juu ya mambo haya na kutoa kitabu chake juu ya utamaduni wa Warega mwaka 1973, alionyesha ya kama kitu kimoja kiliweza kubeba methali nyingi, na ya kama maana yake haikukaa ndani ya kitu chenyewe bali katika namna kilivyochezwa na kuelezwa siku ile. Ndiyo kusema wazee hawakutazama mchezo na kutoa funzo moja. Walitazama, wakasikia, wakarudia tena, na akili ya mtu ilipimwa kwa jinsi alivyojua kuona maana ya pili na ya tatu.

Lakini tusisifu kila kitu cha zamani bila kupima. Lubunga lilikuwa la wanaume. Mama hakukaa pale kukata shauri, hata kama shauri lilikuwa lake. Kijana alisikiliza. Basi tukichukua desturi ya lubunga na kuipeleka uwanjani baada ya mchezo, tunachukua pia kilema chake: wazee wanasema, wamama wanabeba beseni na kwenda. Na mara nyingi ndivyo inavyokuwa leo. Tunapashwa kuchukua subira ya lubunga, na kuacha mlango wake mwembamba.

3. Mifano miwili ya majirani

Katika Kongo yetu hii, mfano mzuri unatoka Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo lilijulikana katika Katanga nzima kwa michezo ya Kiswahili kwenye redio na televisheni. Mwaka 1986, mtaalamu Johannes Fabian aliwauliza maana ya methali ambayo kwa Kifaransa inasema le pouvoir se mange entier, yaani utawala unaliwa muzima. Wachezaji hawakukubaliana. Huyu alieleza hivi, yule akaeleza vile. Badala ya kumaliza mabishano kwa kuchagua jibu moja, waliyageuza kuwa mchezo, wakautunga pamoja bila maandishi, na kuucheza mbele ya kamera za televisheni katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi. Fabian alitoa kitabu juu ya habari hiyo mwaka 1990, na ndani yake aliweka maneno ya wachezaji katika Kiswahili chao chenyewe, kile tunachosema mitaani. Msomaji anaona wazi ya kama kutokukubaliana juu ya methali ndiko kulikozaa kazi nzuri. Na tukumbuke ulikuwa wakati wa Mobutu, ambapo kusema wazi juu ya utawala halikuwa jambo la mchezo. Methali iliwapa nafasi ya kuwaza pamoja bila kumnyooshea mtu kidole.

Mfano wa pili ni wa Kenya. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamiriithu, karibu na Limuru, marehemu Ngugi wa Thiong'o pamoja na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo kwa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda. Mazoezi yalifanyika wazi, mbele ya watu. Wakulima na wafanyakazi wa viwanda walikuja, wakatazama, wakasahihisha: mzee hasemi hivi mbele ya mkwe wake, wimbo huu hauimbwi namna hii, mfanyakazi halipwi hivyo. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, na mwezi uliofuata serikali ikaondoa ruhusa. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akafungwa bila kesi, na mwaka 1982 uwanja wa teatre wenyewe ukabomolewa. Michezo yenye maneno makali ilikuwako mingi. Huu ulikuwa na kitu cha zaidi: watu wa kawaida walikuwa wamezoea kuusahihisha, na mtu aliyezoea kusahihisha mchezo anaweza kesho kusahihisha mambo mengine.

Kwa hiyo mfano wa Lubumbashi unatufundisha tusiogope kutokukubaliana, na ule wa Kamiriithu unatufundisha ya kama mtazamaji ana haki ya kuwaambia wachezaji: "Hapa mumekosa."

4. Tuseme mfano wa shamba

Tuseme kwa mfano mchezo wa namna tunayoizoea. Baba mmoja anarudi kutoka Tanzania na familia yake. Anakuta jirani wa zamani analima shamba lake la mihogo. Jirani anasema: "Wewe ulikimbia, mimi nilibaki na kulitunza." Wanakwenda kwa chefu. Chefu anapokea mbuzi wa mmoja usiku na pombe ya mwingine asubuhi. Ugomvi unapanda, panga linatolewa, mchezo unakatwa. Tuzungumze namna gani?

Ulizo la kwanza liwe jepesi kabisa: mumeona nini? Hata mtoto anaweza kulijibu, na ndiyo faida yake. Huyu atasema aliona panga. Mwingine atasema aliona bibi ya baba yule amesimama pembeni mchezo wote bila neno. Mwingine atasema aliona chefu ameficha mbuzi. Hapo tayari inaonekana ya kama hawakutazama mchezo mmoja. Mwongozaji asisahihishe mtu. Aulize tu: "Ulionea wapi? Ni wakati gani?" Ulizo hili linamrudisha mtu kwenye mchezo, na kumzuia asiruke kwenye mahubiri.

Ulizo la pili: mulicheka wapi? Kicheko kinatoboa siri ambazo mdomo unaficha. Kama watu walicheka chefu alipopokea mbuzi, ni kwa sababu jambo hilo wanalijua. Kama walicheka bibi alipotaka kusema na akasukumwa, inafaa tujiulize tulicheka nini. Na kama mchezaji alichukua lafuzi ya kabila la jirani ili kumchekesha yule mwenye ubaya, hapo pana hatari kubwa. Katika Fizi tunaishi Wabembe, Wabuyu, Wafuliru, Wanyamulenge, Warundi na wengine. Mchezo unaweza kuhubiri umoja kwa maneno, huku lafuzi ya mchezaji inafundisha dharau. Watu watasahau hotuba ya mwisho, lakini kesho watoto wataigiza ile lafuzi barabarani. Mtazamaji mwenye akili anapashwa kulisema jambo hilo hadharani, na wachezaji wanapashwa kulisikia bila kukasirika.

Ulizo la tatu: nani hakusema? Katika mchezo wetu bibi hakusema, watoto hawakusema, na mtu wa tatu ambaye labda aliuza lile shamba hakuonekana kabisa. Kwetu ugomvi wa ardhi mara nyingi una mtu wa namna hiyo, aliyepokea pesa na kuondoka. Watazamaji wakimtaja, mchezo unaongezeka. Mwongozaji anaweza kuwaomba wachezaji wacheze tena kipande kimoja na mtu huyo akiwamo.

Ulizo la nne: hapa kwetu iko vile kweli? Hapa ndipo watu wanasahihisha kama wale wa Kamiriithu. "Chefu hapokei mbuzi wazi namna hii, anatuma mtoto." "Mpaka wa shamba haujulikani kwa kusema tu, kuna miti, kuna wazee waliokuwako." Maelezo kama haya ni mali. Yanaonyesha mashahidi ni nani na njia za haki zinaanzia wapi.

Baada ya hayo tu ndipo tuulize: wewe ungefanya nini? Na tusimwachie mtu aseme kwa mdomo peke yake. Aje mbele, aonyeshe. Kisha wenye kupinga nao waje. Kama kuna ufagio, uonekane.

Na ulizo "mumejifunza nini?" liende wapi? Liende nyumbani. Kila mtu atalijibu mwenyewe usiku, akila na watu wake.

5. Mambo ya kuangalia sana

Kuna mambo matatu yanayoweza kuharibu mazungumzo, hata kama maulizo ni mazuri.

La kwanza ni utaratibu wa kusema. Mtu mkubwa akianza, mazungumzo yamekwisha. Si kwa sababu anasema vibaya, bali kwa sababu hakuna kijana atakayesema kinyume chake mbele ya watu. Heshima yetu inakataza, na heshima ni kitu kizuri. Basi tuitumie vizuri: tuwaombe wazee wafunge mazungumzo, kama lubunga linavyojua. Wamama na vijana waanze. Mahali ambapo wamama hawasemi mbele ya wanaume, wagawanyike makundi madogo madogo, kila kundi chini ya mti wake, kisha mmoja alete maneno ya kundi. Neno linaloletwa kwa jina la kundi halimchomi mtu mmoja.

La pili ni vidonda. Kuna michezo juu ya ubakaji, na ni lazima iwepo. Lakini tukumbuke yaliyotokea Fizi siku ya kwanza ya mwaka 2011, na kesi iliyofanyika Baraka mwezi wa pili wa mwaka ule, ambamo askari na wakubwa wao walihukumiwa. Katika kesi ile wamama waliotoa ushahidi walifunikwa ili wasitambulike. Kama mahakama yenyewe iliona inafaa kuwafunika, basi teatre haina haki ya kumwomba mtu asimame katikati ya soko na kusema "hata mimi yalinipata". Mazungumzo yabaki juu ya mtu wa mchezo. Tuseme "yule mama wa mchezo", siyo "wewe mama". Mtu wa mchezo ni kama mwavuli: tunasema juu yake, na kila mmoja anajua mvua inanyesha wapi. Na mama akinyamaza, kunyamaza kwake nako ni jibu, tusilazimishe.

Vidonda vingine ni vya makabila mazima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwezi wa 10 wa mwaka 2010 inataja mauaji ya Wanyamulenge katika Baraka na Lweba mwaka 1996, na inataja mauaji ya Makobola mwisho wa mwaka 1998. Kila upande una wafu wake, na kila upande unapenda kuanza kuhesabu kwenye mwaka wake. Mchezo unapogusa mambo haya, mazungumzo yanaweza kugeuka mashindano ya uchungu kwa dakika mbili tu. Ulizo "mumeona nini?" linasaidia hapa kuliko ulizo lingine lote, kwa maana linawafunga watu kwenye kitu kilicho mbele yao wote. Tunaweza kutokukubaliana juu ya 1996 na 1998. Hatuwezi kutokukubaliana ya kama mchezaji alimgeuzia mwenzake mgongo alipoombwa maji.

La tatu ni wenye kulipa. Mashirika yanahitaji kuonyesha kazi yao, na hilo linaeleweka. Kwa hiyo ripoti inahesabu watu waliokuja, na inaandika jibu zuri la mwalimu. Lakini mia tano waliopiga makofi hawatuambii kitu. Ingefaa zaidi ripoti iandike watu hawakukubaliana juu ya nini, ni sehemu gani watazamaji waliisahihisha, na nani hakusema. Na tukisema kweli, sisi watazamaji pia tuna kosa. Tumejifunza kusema maneno yanayopendwa na wageni, kwa kuwaza labda mradi utarudi. Tunawapa "amani" kama tunavyowapa viti vizuri vya kukalia. Adabu hiyo ni ya kupokea wageni, lakini haifai katika kutengeneza kijiji.

6. Yanayowezekana tangu sasa

Haya yote hayahitaji pesa nyingi. Mwalimu wa sekondari anaweza kuchukua wanafunzi wake kutazama mchezo wa parokia ao wa kikundi cha vijana, na kesho yake darasani awaombe waandike mambo kumi waliyoyaona, bila kuandika funzo hata moja. Atashangaa kuona jinsi inavyokuwa vigumu, na jinsi daftari moja lisivyofanana na lingine. Wachezaji nao, badala ya kucheza katika vijiji vitano kwa siku tano, wanaweza kurudi katika kijiji kile kile baada ya juma moja na kucheza tena mchezo ule ule, wakiwa wameingiza masahihisho ya watu. Watu watakaoona neno lao limeingia katika mchezo watajua ya kama walisikiwa. Redio za kwetu zinaweza kuwapa watazamaji wawili wasiokubaliana nafasi ya kuzungumza juu ya mchezo mmoja, bila kutafuta mshindi.

Na kila mmoja wetu anaweza kuanza peke yake. Siku nyingine wachezaji watakapofika na ngoma zao, na mchezo ukiisha, na megafoni ikitolewa, tusikimbilie kusimama na kushukuru. Tumwangalie mtu aliye karibu nasi, hasa kama si wa kabila letu ao si wa upande wetu, na tumwulize kwa sauti ndogo: "Wewe umeona nini?" Kisha tumsikilize mpaka amalize.